Dozi na Presha: Mambo Mawili Yanayosahaulika kwa Waliopona Limfoma Utotoni

Mtoto mwenye limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu, akipata tiba kamili leo, uwezekano wa kuwa hai miaka 5 baadaye unazidi asilimia 90. Ni moja ya mafanikio makubwa ya tiba ya saratani, na ndiyo maana watu hujisahau mapema. Mwaka wa tano ukifika familia husherehekea, kliniki ya saratani hufunga faili, na kijana huambiwa akaendelee na maisha yake. Kwa upande wa uvimbe ushauri huo ni sahihi, kwani limfoma iliyotulia miaka 5 hurudi kwa nadra. Kwa upande wa moyo, hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 2016 watafiti wa hospitali ya St. Jude ya Memphis, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliotibiwa limfoma ya Hodgkin hospitalini hapo. Kufikia umri wa miaka 50, asilimia 45.5 walikuwa wamepata angalau tatizo moja la moyo au mishipa ya damu la daraja la juu, yaani kali, la kuhatarisha maisha au la kuua. Kwa watu wa kulinganishwa nao ambao hawakuwahi kuugua saratani, ilikuwa asilimia 15.7. Ni kweli kwamba wengi wa manusura hao walitibiwa kwa mionzi ya zamani, mipana na mikali kuliko ya sasa, kwa hiyo si haki kumtolea mtoto wa leo utabiri kwa takwimu hizo. Lakini waliotibiwa enzi hizo bado wako mitaani, wana miaka 40 na 50, na wengi wao hawajui kwamba kifua chao kina historia.

Mjadala wa ufuatiliaji wao kwa kawaida huishia kwenye mashine: eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kila mwaka, MRI ya moyo, vipimo vipya vya damu. Sisi tunaona vitu viwili visivyo vya gharama kubwa ndivyo vinavyoamua zaidi, na ndivyo vinavyokosekana mara nyingi zaidi. Cha kwanza ni karatasi inayoonyesha dozi zote alizopewa mgonjwa. Cha pili ni kipimo cha presha kilichofanywa sawasawa.

Moyo huumizwa kwa njia mbili zisizofanana. Dawa za saratani za kundi la antrasaiklini, hasa doksorubisini, huingia kwenye seli za msuli wa moyo na kunasa kimeng'enya kinachoitwa topoisomerasi 2 beta, ambacho kazi yake ni kukata na kuunga tena nyuzi za DNA. Kikinaswa katikati ya kazi, DNA hubaki imekatika, mitambo ya nishati ya seli huharibika, na seli hufa. Chuma kilichomo ndani ya seli huongeza madhara kwa kuzalisha kemikali zinazounguza. Seli za msuli wa moyo hazizaliwi upya kwa kiasi cha kufidia pengo hilo. Mtoto wa miaka 6 aliyepoteza sehemu ya seli hizo ataendelea kukua, mwili utahitaji damu nyingi zaidi, na idadi ndogo ya seli zilizobaki italazimika kubeba mzigo wa mtu mzima. Ukuta wa moyo unabaki mwembamba, kila pigo linauvuta zaidi, na baada ya miaka 10, 20 au 30 moyo unaanza kushindwa. Waliotibiwa wakiwa chini ya miaka 5 wako hatarini zaidi, na wasichana wameonekana kudhurika zaidi kuliko wavulana kwa dozi ileile.

Mionzi haichagui msuli peke yake. Huharibu ngozi ya ndani ya mishipa midogo, kisha kovu linajengeka polepole kwenye kila tishu iliyopitiwa: utando unaozunguka moyo, vali, mishipa mikubwa inayolisha moyo, na nyaya za umeme wake. Vali za upande wa kushoto ndizo huathirika zaidi, kwa kukakamaa na kujaa chokaa. Mishipa ya moyo huziba karibu kabisa na inapoanzia, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu kila kilicho mbele yake hukosa damu kwa pamoja.

Turudi kwenye karatasi. Dozi ya doksorubisini huandikwa kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, na kinachohesabiwa ni jumla ya maisha yote. Katika ABVD, mmoja wa mipango ya kuchanganya dawa za kemo, mgonjwa hupata 25 kwa sindano mbili za kila mzunguko. Mizunguko 6 ni 300. Mpango wa OEPA unaotumika sana kwa watoto Ulaya una sindano mbili za 40 kwa mzunguko, kwa mizunguko miwili, jumla 160. ABVE-PC ya Marekani ni 50 kwa mzunguko, hivyo mizunguko 4 ni 200 na 5 ni 250. Kwa limfoma ya Burkitt, kundi la hatari ya kati katika mpango wa LMB hupata sindano mbili za 60, jumla 120. Watoto wanne, wote "walipona limfoma", wote "walipewa kemo", na mioyo yao haiko kwenye daraja moja hata kidogo.

Dawa nyingine za familia hiyo hubadilishwa kwanza kuwa sawa na doksorubisini ndipo zijumlishwe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 uliweka kizidisho cha 0.6 kwa daunorubisini, 0.8 kwa epirubisini, na 10.5 kwa mitoksantroni. Hicho cha mwisho kinashtua, na kinastahili kushtua. Mgonjwa ambaye ugonjwa ulimrudia akapewa mitoksantroni kidogo tu, tuseme 20, ameongezewa 210 kwenye hesabu yake.

Kosa linalofanyika zaidi kwenye hesabu hii ni la kugawanya. Chukua msichana aliyekuwa na eneo la mwili la mita za mraba 1.2. Kila sindano ilikuwa miligramu 30, yaani 25 kwa mita ya mraba, na alipata sindano 12. Jumla ni miligramu 360, sawa na 300 kwa mita ya mraba. Miaka 15 baadaye anafika kliniki akiwa mtu mzima mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.8, daktari anaona "miligramu 360" kwenye faili, anagawanya kwa mwili wa leo, anapata 200. Kwa kosa hilo moja mgonjwa ameshushwa kutoka kundi la hatari kubwa hadi la kati. Eneo la kutumia ni lile la siku ya sindano, siku zote.

Upande wa mionzi, jumla ya Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) haitoshi peke yake. Inatakiwa ijulikane ni eneo gani lilipigwa, dozi iligawanywa kwa vipande vingapi, na moyo ulipata kiasi gani. Gy 21 kwa vipande 14 vya 1.5 shingoni si sawa na Gy 21 katikati ya kifua. Kama faili la mionzi lina wastani wa dozi ya moyo, hiyo ndiyo namba ya dhahabu. Kama halina, picha ya mpango wa mionzi au hata maelezo ya mipaka ya eneo husaidia mtaalamu kukadiria. Faili hizi hutupwa baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo wa kuziomba aziombe sasa.

Mwongozo wa kimataifa wa kufuatilia msuli wa moyo kwa waliopona saratani za utotoni, uliorekebishwa mwaka 2023, unategemea namba hizo. Hatari kubwa ni antrasaiklini 250 au zaidi, au mionzi ya Gy 30 au zaidi iliyopita kwenye moyo, au mchanganyiko wa antrasaiklini 100 na mionzi ya Gy 15 kwenda juu. Hatari ya kati ni antrasaiklini kuanzia 100 hadi chini ya 250, au mionzi kuanzia Gy 15 hadi chini ya 30. Chini ya hapo ni hatari ndogo. Kundi la juu linashauriwa eko kila miaka 2, la kati kila miaka 5, na la chini halihitaji eko za mara kwa mara.

Angalia kifungu cha mchanganyiko, maana ndicho kinachowaponyoka wengi. Aliyepata ABVE-PC mizunguko 4 na Gy 21 kifuani ana 200 na 21. Kila namba ikisomwa peke yake inamweka kundi la kati. Zikisomwa pamoja yuko kundi la juu. Daktari wa moyo aliyepewa barua ya dawa bila barua ya mionzi atampangia eko kila miaka 5 na hatakuwa amekosea kwa alichoonyeshwa.

Uamuzi wa kuacha kuwapima wenye hatari ndogo umewaudhi baadhi ya familia, na hofu yao inaeleweka. Hata hivyo tunauunga mkono. Eko ina makosa yake ya kupima. Ukimpima mtu mwenye moyo mzima kila mwaka, mwaka mmoja namba itashuka kwa bahati tu, naye ataanzishiwa dawa na wasiwasi asivyovihitaji. Nafasi hiyo ya kliniki ingemfaa aliyepata 300 na ambaye hajaonwa miaka 8.

Kwa wanaostahili eko, shida kubwa ni namna inavyosomwa. Karatasi ya majibu ikisema tu "moyo wa kawaida", haijasema kitu. Kinachotakiwa ni asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo, njia iliyotumika kuipata, upana wa chumba cha kushoto, unene wa ukuta, hali ya vali, na kama mashine inaruhusu, kipimo cha kujikunja kwa msuli kwa urefu. Utafiti wa St. Jude wa mwaka 2012 ulilinganisha eko ya kawaida ya pande mbili na MRI ya moyo kwa manusura 114: kati ya waliokuwa na asilimia ya kusukuma chini ya 50, eko iliwakamata robo tu. Eko ya pande tatu ilikamata kama nusu. Mwaka 2015 kundi hilohilo la watafiti lilipima manusura 1,820. Miongoni mwa waliokuwa na asilimia nzuri ya kusukuma, 32 kati ya kila 100 walikuwa na dosari ama ya kujikunja kwa msuli ama ya kulegea kwake. Asilimia ya kusukuma ni kipimo cha kuchelewa. Moyo huficha udhaifu wake kwa kujipanua na kupiga haraka, na namba hushuka pale maficho yanapokwisha.

Kwa hiyo mwelekeo una thamani kuliko jibu moja. Kutoka 64 hadi 54 ndani ya miaka 4 ni habari, hata kama 54 bado imeandikwa "kawaida". Lakini ulinganisho una maana pale tu vipimo vyote vimefanywa kwa njia moja na, ikiwezekana, kwa mashine ya aina moja, kwani kipimo cha kujikunja kwa msuli hutofautiana kati ya watengenezaji. Mgonjwa abaki na nakala zake. Vipimo vya damu vya kuonyesha moyo uliolemewa husaidia palipo na dalili, ila kama chujio peke yake havitoshi, vinapitisha wengi wasiopaswa kupita.

Na ukiupata udhaifu mapema, utaufanyia nini? Hapa ukweli si mtamu. Asilimia ikishuka chini ya 40, dawa za moyo kushindwa zina faida na zianzishwe. Katikati ya 40 na 49 wataalamu wengi huanza dawa bila uthibitisho mzito. Kwa ambao moyo bado uko sawa, ushahidi ni dhaifu zaidi: jaribio la kutoa karvediloli, dawa ya moyo na presha, kwa dozi ndogo kwa manusura waliopata antrasaiklini 250 au zaidi, lililochapishwa mwaka 2024, halikubadilisha kigezo chake kikuu baada ya miaka 2. Hatuna kidonge cha kulinda moyo uliokwisha kuguswa.

Tuna presha. Uchambuzi wa kundi kubwa la manusura wa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba shinikizo la damu likikutana na antrasaiklini au mionzi ya kifua, hatari ya moyo kushindwa na ya mishipa ya moyo kuziba hupanda kuliko jumla ya hatari hizo mbili. Sababu yake si fumbo. Ukuta ulio mwembamba tayari unalazimishwa kusukuma dhidi ya shinikizo la juu, na mshipa wenye kovu la mionzi unapigwa na mkondo mkali kila sekunde. Kati ya yote yanayoweza kurekebishwa, hakuna lililoonekana kuwa na nguvu kama hili, na dawa zake zipo, ni za bei ya chini na zinajulikana.

Lakini kijana wa miaka 22 mwenye 138/88 huambiwa "una wasiwasi tu, umepanda ngazi". Kwa mtu wa kawaida wa umri huo mtu anaweza kusubiri. Kwa aliyepata doksorubisini 300, kusubiri ni uzembe. Lengo la chini ya 130/80 linamfaa, na kipimo cha nyumbani ndicho kinachomaliza ubishi: kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemezwa, miguu chini bila kukunjwa, mkono usawa wa moyo, vipimo viwili kwa tofauti ya dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7, siku ya kwanza inatupwa, nyingine zinatafutiwa wastani. Mkanda ulingane na mkono. Manusura wengi ni wembamba, na mkanda mpana kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli. Kuanzia miaka 13 viwango vya watu wazima vinaweza kutumika. Chini ya hapo husomwa kwa jedwali la umri, jinsia na urefu.

Kuna mtego mmoja wa waliopigwa mionzi shingoni au juu ya kifua. Mshipa unaopeleka damu mkononi unaweza kuwa umebanwa na kovu, na mkono huo utasoma presha nzuri wakati mwili mzima unaungua. Mara ya kwanza wapimwe mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 15 kwenye namba ya juu inahitaji uchunguzi wa mishipa, na kuanzia siku hiyo mkono wenye namba kubwa ndio wa kutumia.

Lehemu, sukari na sigara vinafuata nyuma ya presha. Kwa lehemu kuna jambo linalosahaulika: mionzi ya shingo huidhoofisha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na tezi ikilegea lehemu hupanda, na wakati mwingine maji hujaa kwenye utando wa moyo. Kipimo cha homoni ya TSH kila mwaka hugundua hilo kabla mtu hajaanzishiwa dawa ya lehemu ya maisha.

Kwa waliopata mionzi ya kifua, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 kuhusu moyo na saratani unakubali kuchunguza mishipa ya moyo hata bila dalili, kuanzia miaka 5 baada ya mionzi na kurudia kila miaka 5 hadi 10, pale wastani wa dozi ya moyo ulipozidi Gy 15. Kabla ya kuagiza kipimo kipya, ziangaliwe picha za CT za kifua zilizopigwa zamani kufuatilia limfoma. Chokaa kwenye mishipa ya moyo huonekana hata kwenye picha isiyolenga moyo, na mara nyingi ipo pale bila mtu kuitaja.

Dalili nazo hudanganya. Neva zilizopitiwa na mionzi zinaweza zisipeleke maumivu, na mshtuko wa moyo ukaja kama kuchoka na jasho tu. Mapigo ya moyo yanayokaa juu ya 90 mtu akiwa amepumzika yanaweza kuwa alama ya neva zilizoharibika. Kwa kijana ambaye moyo unashindwa, miguu inaweza isivimbe kabisa. Hulalamika kichefuchefu, tumbo kujaa na kutapika, anatibiwa vidonda vya tumbo miezi miwili, au anapewa dawa ya pumu kwa kikohozi cha usiku. Aliyewahi kupata antrasaiklini akileta malalamiko hayo, kipimo cha umeme wa moyo na eko vitangulie.

Ujauzito ni mtihani mwingine. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa ukijimudu unaweza kushindwa katika miezi mitatu ya mwisho au baada ya kujifungua. Eko ifanyike kabla ya kubeba mimba au ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wengi huzaa salama. Tatizo ni mkunga na daktari wa uzazi kutoambiwa.

Mazoezi yasikatazwe. Kati ya watu wazima waliopona limfoma ya Hodgkin ya utotoni, waliofanya mazoezi ya nguvu ya kutosha, sawa na takriban dakika 20 za kukimbia mara 3 kwa wiki, walipata matukio makubwa ya moyo pungufu kwa asilimia 51, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014. Huenda wenye mioyo mizima ndio wanaoweza kukimbia, hivyo namba hiyo isisomwe kama ahadi. Kinachohitaji tahadhari ni kunyanyua vyuma vizito kwa kubana pumzi, ambako hupandisha presha ghafla.

Kwa watoto wanaotibiwa sasa, kinga ipo na inabishaniwa kupita kiasi. Deksrazoksani hutolewa mshipani muda mfupi kabla ya doksorubisini, kwa uwiano wa 10 kwa 1, na huwaondolea antrasaiklini kile kimeng'enya cha kunasa. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliizuia kwa watoto kwa hofu ya saratani za pili. Mwaka 2017 ililegeza kwa wanaotarajiwa kupata zaidi ya 300. Ufuatiliaji wa karibu miaka 20 wa watoto walioshiriki majaribio, wakiwemo wenye limfoma ya Hodgkin, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta waliopewa dawa hiyo wana mioyo yenye nguvu zaidi. Kusubiri mtoto afikishe 300 ndipo alindwe, wakati hatari kubwa inaanza 250, hatuoni mantiki yake.

Suala hilo sasa lina uzito mpya. Mionzi inaondolewa kwenye tiba ya Hodgkin kwa kasi, na hilo ni jema kwa vali, mishipa na matiti. Lakini katika jaribio la S1826, lililowajumuisha vijana kuanzia miaka 12 na kuchapishwa mwaka 2024, mpango ulioshinda ni nivolumabu (dawa ya kuamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani) pamoja na AVD (ABVD bila bleomisini) mizunguko 6: karibu hakuna aliyepata mionzi, na doksorubisini ni 300. Kijana huyo ameepushwa na mionzi, na bado anatoka hospitalini akiwa kundi la hatari kubwa kwa dawa peke yake. Kwenye barua yake ya kuruhusiwa inatakiwa isomeke wazi: doksorubisini 300 kwa mita ya mraba, deksrazoksani ndiyo au hapana, mionzi Gy 0, asilimia ya kusukuma ya mwisho na njia iliyoipima, presha ya mikono yote miwili, na tarehe ya eko inayofuata.